Kifyatulio Kipi kwa Bastola ya Kubeba? Ulinganisho kwa Mmiliki wa Arusha na Moshi

Mwombaji wa leseni ya bastola hapa Arusha au kule Moshi huwa amekwisha kupita ngazi kadhaa, kuanzia serikali ya mtaa na kamati za usalama hadi polisi, kabla hajasimama mbele ya kaunta ya muuzaji wa silaha. Akifika hapo huuliza bei, kisha huuliza magazini, yaani kikasha cha risasi, inachukua risasi ngapi, na mara nyingi maswali yake huishia hapo. Kifyatulio, yaani sehemu pekee ambayo kidole chake kitaigusa siku ya hatari, hukichukulia kuwa ni kilekile katika kila bastola. Sivyo kilivyo. Na kwa kuwa leseni chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 huhusu silaha mahususi yenye namba yake, anayegundua baada ya mwezi mmoja kwamba alichagua vibaya hawezi kuirudisha dukani kama kiatu kilichombana.

Ulinganisho huu unaangalia jambo moja: kila aina ya kifyatulio inasamehe kosa gani la mkono, na haisamehi lipi. Bastola nyingi za kubeba zinazouzwa leo hutumia risasi ileile ya milimita 9, kwa hiyo nguvu ya risasi haitusaidii sana kuchagua.

Usalama wa aina mbili

Usalama wa bastola una pande mbili ambazo watu huzichanganya. Upande wa kwanza ni kwamba bastola isifyatuke bila kifyatulio kuvutwa, hata ikianguka sakafuni, ikigongwa au ikitikiswa kwenye bodaboda. Upande wa pili ni kwamba kifyatulio chenyewe kisivutwe bila kukusudiwa.

Upande wa kwanza hutegemea zaidi kizuizi cha pini, ambacho ni kipande kidogo cha chuma kinachoziba njia ya pini inayoigonga risasi mpaka kifyatulio kikaribie mwisho wa safari yake. Glock 17, iliyoingia katika jeshi la Austria mwaka 1982, ilikuwa nacho tangu mwanzo. CZ 75, iliyotokea Czechoslovakia mwaka 1975, haikuwa nacho. Kilikuja baadaye katika toleo la CZ 75 B, na herufi hiyo B ndiyo inayokitambulisha. Makarov ya Kisovyeti, iliyopokelewa mwaka 1951, haina kabisa: pini yake huelea huru, na usalama wake ikianguka unategemea wepesi wa pini hiyo na sehemu ya mwili wa bastola itakayotangulia kupiga chini. Anayenunua bastola ya zamani, hata kama inang'aa na ina historia ya kujivunia, aanze kwa kuuliza kama ina kizuizi cha pini.

Hata hivyo kizuizi hicho peke yake si dhamana. SIG Sauer P320 iliingia sokoni mwaka 2014 na mwezi Januari 2017 toleo lake lilichaguliwa na Jeshi la Nchi Kavu la Marekani. Mwezi Agosti mwaka huohuo ilidhihirika kwamba ikianguka kwa pembe fulani, upande wa nyuma ukitangulia, kifyatulio chake kilikuwa kizito kiasi cha kuendelea na mwendo baada ya mwili wa bastola kusimama ghafla, kikajivuta chenyewe, na kwa kujivuta kikakiondoa kizuizi njiani kama ambavyo kidole kingefanya. Kiwanda kilitoa marekebisho kwa wenye bastola hizo, na mojawapo lilikuwa kifyatulio chepesi zaidi kwa uzito wa chuma chake. Anayetaka P320 iliyokwisha kutumika ahakikishe imefanyiwa marekebisho hayo, na kama muuzaji hana uthibitisho wa maandishi, aichague nyingine.

Tukio hilo pia linaeleza kazi ya kile kiulimi kidogo kilicho katikati ya kifyatulio cha Glock. Wengi hudhani kimewekwa ili kuzuia mtu asifyatue kwa bahati mbaya, lakini kazi yake ni kukifunga kifyatulio kisisogee kwa mtikisiko au kwa kusukumwa ubavuni. Kidole cha mtoto, kamba ya koti, au ukingo wa ala iliyolegea hukibonyeza kiulimi hicho sawasawa na kidole cha mwenye silaha.

Glock 19 na CZ P-07 zikiwekwa pamoja

Nimezichagua hizi mbili kwa sababu kwa mambo mengine zinakaribiana sana, hivyo tofauti ya kifyatulio inaonekana wazi. Zote zina mwili wa polima, zote hutumia risasi za milimita 9, na magazini ya kawaida ya kila moja inachukua risasi 15. Mtutu wa Glock 19 una urefu wa milimita 102 na wa P-07 milimita 95. Glock ni nyepesi kuliko P-07. Tofauti hiyo utaisikia kiunoni jioni, ingawa kwenye kulenga shabaha uzito ulioongezeka hutuliza mkono.

Glock haina nyundo, yaani kile kipande cha nyuma kinachoipiga pini. Ukishaikoki, yaani ukishaivuta slaidi (kipande cha juu cha bastola) nyuma na kuiachia ili risasi iingie chemba iliyo nyuma ya mtutu, pini yake inabaki imevutwa nusu na springi, na kifyatulio kinamalizia kazi hiyo kwa mwendo wa takriban milimita 12 na nguvu ya karibu kilo 2.5. Nguvu hiyo ni ileile kwa risasi ya kwanza, ya pili na ya kumi na tano. Huu ndio uzuri wake mkubwa: mtu hujifunza mvuto mmoja tu, na hakuna swichi ya kukumbuka wakati moyo unadunda. Ubaya wake unatoka palepale. Hakuna kitu cha nje kinachosimama kati ya kitu kilichoingia kwenye pete ya kifyatulio na mlio wa risasi, isipokuwa ala nzuri na kidole chenye adabu. Tena ili kuifungua kwa usafi ni lazima kifyatulio kivutwe kwanza. Anayesahau kutoa magazini na kuangalia chemba kwa jicho na kwa kidole kabla ya kuisafisha, bastola hii haimsamehi.

CZ P-07, iliyoanza kuuzwa mwaka 2009, ina nyundo ya nje na kifyatulio chenye tabia mbili. Nyundo ikiwa imeshushwa, mvuto wa kwanza ni mrefu na mzito, karibu kilo 4 hadi 5, kwa sababu kidole ndicho kinachoinua nyundo. Baada ya risasi ya kwanza slaidi huirudisha nyundo nyuma yenyewe, na mivuto inayofuata huwa mifupi na mepesi, karibu nusu ya ule wa kwanza. Bastola hii huja na vipande vya kuiwezesha kutumia ama kishusha nyundo, ama kizuizi cha mkono cha kawaida, yaani swichi ya kuifunga bastola isifyatuke. Kwa kubeba ninapendekeza kishusha nyundo bila kusita, maana kinakuwezesha kuiteremsha nyundo salama baada ya kukoki bila kuvuta kifyatulio huku ukiishikilia kwa kidole gumba, zoezi ambalo limewahi kutoboa sakafu nyingi. Kuifungua kwa usafi hakuhitaji kuvuta kifyatulio.

Ipo faida nyingine ya nyundo ya nje ambayo haitajwi vya kutosha. Wakufunzi wengi wa silaha huonya kwamba wakati ambao bastola hufyatuka kwa bahati mbaya kwa urahisi zaidi si wa kuichomoa, bali wa kuirudisha ndani ya ala, mtu akiwa amechoka au anatazama kwingine. Mwenye P-07 anaweza kuweka kidole gumba juu ya nyundo anapoirudisha; kitu chochote kikikisukuma kifyatulio, ataisikia nyundo ikianza kuinuka chini ya kidole chake na atasimama. Mwenye Glock hana onyo la namna hiyo.

Gharama ya usalama huo ni mazoezi. Mvuto wa kwanza mzito huwafanya wengi wapige chini ya shabaha, na wa pili mwepesi huwashtua kwa kuwahi. Raia wengi hapa kwetu hawana nafasi nyingi za kufyatua risasi za kweli mahali panaporuhusiwa, na risasi si za bure. Kwa bahati nzuri mvuto wa kwanza unaweza kuzoezwa nyumbani, bastola ikiwa tupu, imehakikishwa mara mbili, risasi zote zikiwa chumba kingine, na mtutu ukielekea ukuta imara usio na mtu nyuma yake.

Zingine, kwa ufupi

Beretta 92FS ya Italia ni ya kundi la P-07 kwa tabia ya kifyatulio, na sifa yake ni kubwa kwa kuwa jeshi la Marekani liliichagua ya jamii yake mwaka 1985 na kuiita M9. Ni bastola nzuri mno mezani. Kiunoni, ikiwa na karibu gramu 950 na mwili mpana wa kiganja, ni mzigo, na kizuizi chake cha mkono kilicho juu ya slaidi kinaweza kushuka bila mtu kukusudia anapoishika slaidi kwa nguvu ili kuikoki. CZ 75 B ya chuma chote inakaribia kilo 1 na ninaiweka palepale.

Bastola za mvuto mmoja mwepesi, kama Colt ya mwaka 1911 na Browning Hi-Power ya mwaka 1935, hubebwa nyundo ikiwa imeinuliwa na kizuizi cha mkono kimefungwa. Kifyatulio chao kifupi hupendwa na walengaji, na mtu aliyekaa nazo miaka mingi huzitumia vizuri ajabu. Lakini usalama wote unakaa katika kidole gumba kukumbuka kufunga na kufungua. Hi-Power ina kitu cha ziada: magazini ikitolewa, kifyatulio hakifanyi kazi. Wapo wanaolipenda jambo hilo na wapo, mimi nikiwemo, wanaoona kwamba linamzoesha mtu kuamini kuwa bastola isiyo na magazini ni tupu, imani ambayo atakwenda nayo siku atakaposhika bastola ya rafiki yake. Tokarev na nakala zake za Kichina zina mvuto wa aina hiyohiyo, lakini muundo wake wa asili hauna kizuizi cha mkono. Una pengo la kuisimamisha nyundo nusu njia tu. Kwa kubeba siipendekezi hata kidogo.

Rivolva, yaani bastola ya silinda inayozunguka, inastahili maneno mengi kuliko inavyopewa. Smith & Wesson Model 10, ambayo asili yake ni mwaka 1899, na dada zake wadogo wenye vyumba vitano vya risasi, huvutwa kwa nguvu kubwa kila mara kama kidole kinavuta bila nyundo kuinuliwa kwanza. Hakuna magazini ya kusahau na hakuna risasi iliyojificha kwenye chemba: ukifungua silinda unaona kila kitu. Kwa mzee wa shamba la kahawa Machame au Kibosho ambaye silaha yake itakaa kwenye kasiki miezi kadhaa bila kuguswa, uwazi huo una thamani. Udhaifu wake ni kwamba kidole chenye baridi yabisi kinaweza kushindwa na mvuto huo, rivolva ndogo hupiga mkono kwa ukali, na risasi za .38 Special si lazima zipatikane kwa urahisi sawa na za milimita 9. Aulizie risasi kwanza, ndipo aombe silaha.

Chemba tupu au yenye risasi

Wapo wanaokwepa mjadala huu wote kwa kubeba bastola yenye magazini iliyojaa na chemba tupu, kisha kukoki pale tu hatari inapotokea. Filamu zimetuzoesha kuona shujaa akikoki bastola yake kila anapoingia chumba kipya, kana kwamba kuikoki mara ya kwanza hakukutosha. Kwa uhalisia, kukoki kunahitaji mikono miwili na sekunde ambazo huenda hazipo. Mfanyabiashara wa madini anayetoka Mirerani mkono mmoja ukiwa umeshika usukani au begi hatakuwa na mkono wa pili.

Pamoja na hayo, sitamcheka anayebeba chemba tupu. Kama mtu hajapata mafunzo ya kutosha, au bastola yake haina kizuizi cha pini, au bado anatafuta ala inayoifaa, chemba tupu ndiyo njia sahihi, kwa sababu uwezekano wa kujipiga mwenyewe ni wa kila siku ilhali uwezekano wa kuvamiwa si wa kila siku. Ninachokataa ni kununua Glock kwa ajili ya wepesi wake, kisha kuibeba chemba tupu miaka kumi kwa kuiogopa. Mtu wa namna hiyo alihitaji P-07 au rivolva tangu mwanzo.

Ala, nguo na hali ya hewa ya huku

Kifyatulio na ala ni kifaa kimoja kilichogawanyika mara mbili. Ala inayofaa inafunika pete yote ya kifyatulio, ni ngumu kiasi kwamba kidole hakiwezi kuibonyeza kutoka nje, na mdomo wake haujikunji bastola ikitoka. Ala za ngozi laini zinazotengenezwa na mafundi wa mikoba huwa nzuri zikiwa mpya, lakini baada ya misimu ya jasho la Moshi ngozi hulegea na ukingo wake huweza kuingia kwenye pete bastola inaporudishwa. Kwa Glock hilo ni hatari ya moja kwa moja. Kwa P-07 yenye nyundo iliyoshushwa, ni hatari ambayo mvuto mzito unakupa nafasi ya kuigundua.

Arusha ina tatizo lake. Mwezi Juni na Julai baridi huwafanya watu wavae makoti yenye kamba za kukaza kiunoni, na vifungo vya plastiki vilivyo mwisho wa kamba hizo vina ukubwa unaotosha kupita kwenye pete ya kifyatulio. Zikatwe au zishonewe ndani. Mwenye kuendesha gari akumbuke pia kwamba katika magari yetu ya usukani wa kulia, mkanda wa usalama hupita juu ya nyonga ya kulia, yaani palepale ambapo wengi wanaotumia mkono wa kulia huweka bastola. Ajaribu kukaa, kufunga mkanda na kushuka, bastola ikiwa tupu, kabla hajaamua mahali pa kuibeba. Kuiweka mbele ya tumbo mtutu ukielekea paja kunapendwa kwa urahisi wa kuificha, ila hapo mshipa mkubwa wa damu wa paja uko mbele ya mtutu. Kwa mtu asiye na mazoezi ya kudumu sioni sababu ya kuchagua mahali hapo.

Vumbi nalo lina hesabu yake. Mafuta mengi kwenye bastola hugeuka tope, na kwenye njia ya pini hayatakiwi kabisa. Bastola ya kubebwa ipangusiwe vumbi kila wiki na ipakwe mafuta kidogo sana kwenye reli za slaidi.

Marekebisho yanayofaa na yasiyofaa

Anayetaka kuibadili bastola yake imfae zaidi aanze na vitu vilivyo mbali na kifyatulio. Vilengeo vinavyoonekana vizuri usiku, vishikio vya ukubwa wa kiganja chake na ala iliyotengenezwa kwa ajili ya bastola hiyohiyo vitamsaidia kuliko chochote. Kazi nyingine ifanywe na fundi wa silaha mwenye leseni, si fundi wa pikipiki mwenye tupa nzuri.

Kupunguza uzito wa kifyatulio ndilo rekebisho linaloombwa zaidi na ndilo ninalolipinga kwa bastola ya kubeba. Mvuto mwepesi una nafasi yake katika mashindano, ambako bastola hupakiwa pale tu msimamizi anapotoa ruhusa. Bastola inayokaa kiunoni sokoni Kilombero au ndani ya basi la Moshi haina msimamizi. Isitoshe, sehemu za ndani zinazoshikana zikisuguliwa kupita kiasi, bastola inaweza kupoteza uwezo wa kustahimili kuanguka, na hakuna dalili ya nje itakayomwonyesha mwenye silaha.

Upande wa pili nao umewahi kujaribiwa. Polisi wa Jiji la New York kwa miaka mingi walitumia bastola za Glock zilizowekewa springi za kuongeza uzito wa kifyatulio hadi zaidi ya kilo 5, wakitaka kuzuia ufyatuaji wa bahati mbaya. Mvuto mzito kiasi hicho kwenye bastola nyepesi huvuruga shabaha, na risasi iliyokosa mlengwa mjini ina mahali inapokwenda. Kwa hiyo simshauri mwenye Glock aiongezee uzito wa kupindukia ili iwe kama P-07. Kama anataka mvuto wa kwanza mzito, anunue bastola iliyobuniwa kwa ajili hiyo.

Nani achukue ipi

Anayebeba kila siku, aliye tayari kugharimia ala ngumu na kufanya mazoezi mara kwa mara, Glock 19 itamtumikia vizuri kwa sababu haina la kukumbuka zaidi ya kidole. Anayebeba baadhi ya siku, anayeirudisha bastola kwenye ala akiwa ndani ya gari au amevaa koti, na ambaye mazoezi yake ni machache, ningemwelekeza kwa P-07 yenye kishusha nyundo au bastola nyingine ya tabia hiyo. Silaha ya nyumbani na shambani inayoguswa kwa nadra inaweza kuwa rivolva.

Kwa familia za Uchagani kuna jambo la Desemba. Nyumba za Rombo, Marangu na Machame hujaa watoto na wageni kutoka Dar es Salaam, na hakuna kifyatulio kati ya vyote nilivyovitaja ambacho mtoto wa miaka kumi akitumia vidole viwili atashindwa kukivuta. Kasiki iwe imefungiwa ukutani kwa boliti kabla wageni hawajafika, risasi zikae sehemu yake, na ufunguo usiwe kwenye droo ya chumbani ambayo kila mjukuu anajua kwamba ndimo bibi anamohifadhi peremende.